Kwa nini galaksi kubwa ndizo zinazoacha kuzaa nyota mapema? Tumebishana barazani, nisaidieni

BawabuWaShela aliandika:

Assalam aleikum jamaa.

Mimi ni bawabu wa nyumba ya wageni hapa Shela, Lamu, mwaka wa sita sasa. Zamu yangu yaanza saa moja jioni hadi alfajiri, na stima ikipotea, jambo ambalo si geni kwetu, nabaki mimi, punda wawili wa jirani na anga lote. Mgeni mmoja aliniachia darubini ya macho mawili alipokuwa akiondoka. Tangu siku hiyo Kilimia si zile nyota sita nilizoonyeshwa na nyanya. Nilihesabu nikafika thelathini na kitu, nikachoka.

Sasa kisa chenyewe. Wiki jana niliona kwenye simu picha ya galaksi mbili zimewekwa pamoja. Moja bapa kama sinia, ina mikono iliyojizungusha, rangi yake ya samawati. Ya pili kama yai lililomulikwa na tochi kwa ndani, manjano yaelekea wekundu, haina mkono wala mchoro. Maelezo yalisema hiyo ya pili ni kubwa zaidi, zamani ilikuwa ikizaa nyota kwa wingi, kisha ikaacha, na umbo lake nalo likageuka.

Nikalipeleka jambo hili barazani Langoni baada ya isha. Rafiki yangu mmoja, fundi wa majahazi, hakuinua hata kichwa kwenye kikombe cha kahawa. "Mafuta yamekwisha," akasema. "Jiko likiishiwa makaa huzima. Kuna la ajabu gani?" Nikamjibu, ikiwa ni makaa, basi mwenye gunia kubwa ndiye atakayepika mpaka usiku wa manane. Hizi kubwa ndizo zilizoanza na gesi nyingi kuliko zote, mbona ndizo zilizozima kwanza, na vigalaksi vidogo vinaendelea kuzaa hadi leo? Akasema matajiri hutapanya. Watu wakacheka, nikaonekana mimi ndiye nisiyejua kitu.

Tukakubaliana, atakayekosea anunue kilo ya halua. Sasa nataka jibu la mtu anayejua: makaa yameisha au hayakuisha? Na umbo lina uhusiano gani na kuzima?

KashataYaNjugu alijibu:

Bawabu, kabla ya kuuliza hukumu ya galaksi uliza kwanza hukumu ya dau. Hiyo ni kamari na halua yake haitashuka kooni. Ila mkishaamua kuigawa niiteni, niko Mkomani, dakika mbili nimefika.

MtotoWaNgomeni alijibu:

Masalkheri, bawabu. Mimi ni mzaliwa wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi, na swali lako limenigusa mara mbili. Marehemu baba alikuwa kwenye mashua zilizokuwa zikivusha mafundi kwenda kwenye yale majukwaa ya Waitaliano baharini. Na mimi mwenyewe nilifanya kazi miaka kumi na moja kwenye mashamba ya chumvi, na chumvi ndiyo itakayokupa halua yako. Au nusu yake, ngoja tuone.

Kwanza, hilo neno makaa ndilo lililowapoteza nyote wawili. Nyota haizaliwi kwa sababu gesi ipo. Yazaliwa gesi ikipoa. Lile wingu lililo chini ya mshipi wa Jabari, ambalo kwa darubini yako utaliona kama ukungu, limo katika bonde kubwa la gesi linalozaa nyota, na sehemu zake za ndani zina baridi ya kama nyuzi 260 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo gesi hutulia, uzito wake wenyewe ukaivuta, ikashikamana, ikawa donge, donge likawa nyota. Ukiipasha moto haishikamani. Mke wangu ana chupa ya mafuta ya nazi. Asubuhi za Julai yameganda meupe, lazima uyachokoe kwa kijiti. Kufika saa tano, jua la dirishani limeyafanya maji. Hayakupungua hata tone.

Sasa Ngomeni yaingia hapa. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa na timu ya Waitaliano kutoka jukwaa la San Marco, mbele ya kijiji chetu. Ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa kwa kazi moja tu, kutafuta miale ya eksirei kutoka angani. Baba alichokumbuka yeye ni ngurumo, moshi, na kwamba siku ile hawakuruhusiwa kwenda kuvua. Sisi watoto tulikua tukidhani ule ulikuwa mchezo wa wazungu. Nilikuwa mtu mzima nilipokuja kujua walichokiona na chombo kile.

Walipoangalia makundi makubwa ya galaksi, kama lile lililo upande wa nyota za Mashuke na lile la upande wa nyota za Farisi, walikuta eksirei zatoka hata baina ya galaksi, pale palipodhaniwa ni patupu. Kumbe pamejaa gesi yenye joto la nyuzi makumi ya mamilioni. Na ukiipima uzito, yazishinda nyota zote za kundi zima mara kadhaa. Mwambie fundi wa majahazi maneno haya: ghala limejaa pomoni. Kilichokosekana ni baridi.

Utauliza kwa nini joto liwapate wakubwa. Kila galaksi imekaa ndani ya mada nyeusi isiyoonekana, na hiyo ndiyo yenye uzito mwingi. Gesi ya nje huvutwa ikaanguka ndani. Kwenye galaksi ndogo huteremka ikiwa bado baridi, ikafika kwenye sahani bapa ya galaksi, ikawa nyota. Lakini uzito wote ukikaribia Jua mara trilioni moja, gesi yaja kwa kishindo, yagonga ile iliyotangulia, yapata nyuzi milioni na zaidi, yabaki imening'inia juu juu. Kwa hiyo ukubwa wenyewe ndio unaotia moto. (Njia Nyeupe, galaksi yetu wenyewe, iko karibu kabisa na mpaka huo. Bado yazaa nyota, kama uzito wa Jua moja au mawili kwa mwaka. Si uzazi wa kujivunia.)

Hata hivyo chungu kikiepuliwa hupoa, na gesi hii nayo ingepoa, ikanyesha katikati, nyota zikazaliwa upya. Lazima kuwe na anayechochea jiko, na huyo ni shimo jeusi, lile donge zito la katikati ambalo hata nuru haliponyoki. Galaksi kubwa zina mashimo makubwa. Letu lina uzito wa Jua mara milioni 4 na kidogo. La galaksi ya M87, katikati ya kundi la Mashuke, lina mara bilioni 6.5; ndilo lile lililotolewa picha Aprili 2019, duara jekundu lenye giza katikati. Kutoka kwake yatoka mshale wa gesi urefu wa miaka ya nuru maelfu, na mtaalamu wa nyota Heber Curtis aliuona tangu 1918 bila kujua ni nini. Mishale hiyo hupuliza mapovu ndani ya gesi ya moto na kuizuia isipoe. Kwenye kundi la Farisi, mwaka 2003 watu wa Chandra, darubini ya eksirei iliyo angani, walitangaza kuwa mapovu hayo yatoa mawimbi kama ya sauti, noti iliyo oktavo 57 chini ya C ya katikati ya kinanda. Wimbi moja kupita ni kama miaka milioni kumi. Mpiga taarabu gani atangoja?

Na pale jiko linapolegea utajua tu. Kundi la Phoenix gesi yake yapoa, na galaksi yake ya katikati yazaa nyota za uzito wa mamia ya Jua kila mwaka.

Sasa chumvi. Kwenye shamba la chumvi twafungulia maji ya bahari yaingie, kisha twafunga lango. Jua lanywa maji, chumvi yabaki, kila siku maji yawa mazito zaidi. Lango likiachwa wazi, maji mapya yaja kuzimua na chumvi haifiki kiwango. Mtu mzoefu huonja kwa ncha ya kidole akakwambia lango lilifungwa lini. Galaksi nayo yaonjeka hivyo. Kila kizazi cha nyota hupika elementi nzito, chuma na oksijeni na nyinginezo, kikazimwaga kwenye gesi. Wataalamu wa nyota huziita zote metali, usiniulize kwa nini oksijeni ni metali. Gesi mpya kutoka nje ni karibu tupu, kwa hiyo huzimua. Mwaka 2015 watafiti wa Cambridge na Edinburgh walilinganisha galaksi zaidi ya 26,000, na wakakuta zilizozima zina metali nyingi kuliko zilizo hai za uzito ule ule. Yaani lango lilifungwa kwanza, gesi mpya haikuingia tena, na galaksi ikaendelea kupika akiba iliyobaki mpaka ikaisha, muda wa kama miaka bilioni 4. Kama gesi ingefagiliwa yote kwa siku moja, chumvi isingepanda.

Kwa hiyo hukumu yangu: fundi amekosea kuhusu ghala, lakini amepata kuhusu jikoni. Nusu kilo, nusu kilo.

MwalimuWaFizikia alijibu:

Ami wa Ngomeni, mfano wa lango nitauiba niupeleke darasani, nafundisha kidato cha tatu hapa Malindi. Ila una haraka mahali pawili.

Miaka bilioni 4 inazifaa zaidi galaksi za uzito wa wastani. Zile jitu hazikungoja. Darubini ya Webb, iliyorushwa Desemba 2021, imezikuta galaksi zilizokwisha kuzima wakati ulimwengu wenyewe haujafikisha umri wa miaka bilioni 2. Hapo hesabu ya lango na akiba haiingii. Moja, waliyoipa jina la utani Galaksi ya Pablo, ilipimwa gesi yake ikitoka nje kwa kasi ya kama kilomita 1,000 kwa sekunde, ikisukumwa na shimo jeusi la katikati. Na gesi ile haikuwa inang'aa. Waliijua kwa sababu ilikuwa ikizuia mwanga wa nyota za nyuma yake, kama unavyojua mtu kapita mbele ya taa ya ukumbini kwa kivuli tu. Kwa hiyo Ami, kuna lango lililofungwa, na kuna mtu aliyekuja akalimwaga shamba zima la chumvi baharini. Zote mbili zimetokea.

Pili, bawabu aliuliza umbo na hukuligusa.

Anza na rangi. Nyota za samawati ni nzito na za moto, hula akiba yake mbio mbio zikafa ndani ya miaka milioni kadhaa, au mamia machache ya milioni. Hizo Kilimia zako zina umri wa kama miaka milioni 100. Zilipozaliwa, dinosau walikuwa wakitembea. Nyota ndogo nyekundu hudumu hata mabilioni kwa mabilioni. Uzazi ukikoma, samawati hufa kwanza na hakuna wa kushika nafasi, galaksi ikabaki ya manjano na nyekundu. Na ile mikono mizuri kwenye picha inachorwa hasa na hizo samawati changa. Zikifa, mikono inafifia hata kama hakuna aliyeigusa. Wanafunzi wangu wote hudhani lazima kuwe na ajali. Nusu ya mabadiliko ya umbo ni taa kuzimwa.

Nusu ya pili ni ajali kweli. Kwenye galaksi bapa, nyota zinazunguka upande mmoja kwa mpangilio, kama mahujaji kwenye tawafu. Galaksi mbili zenye uzito wa kukaribiana zikigongana, nyota hazigusani, nafasi baina yake ni kubwa mno, lakini mvutano unazivuruga njia zao: hii inapanda, ile inashuka, nyingine inarudi nyuma. Umati usio na mwelekeo mmoja hukaa kama mpira au yai. Ndugu wawili, Alar na Juri Toomre, walionyesha kwa kompyuta mwaka 1972 jinsi galaksi zikipitana zinavyovutana mpaka zikatoa mikia mirefu. Kabla yao wengi waliona mikia ile kwenye picha na hawakuamini kuwa mvutano pekee unatosha.

Sasa jambo linalonifurahisha mimi, na ambalo vitabu vya shule havina. Galaksi nyekundu nyingi zinazoonekana kama yai bado zinazunguka! Katika uchunguzi wa galaksi 260 za aina hiyo, uliochapishwa 2011, asilimia 86 zilikutwa na mzunguko wa wazi, kama sahani zilizonenepa. Zilizovurugika kweli kweli, zisizo na mzunguko wa maana, ni chache, na hasa ndizo zile nzito kupita zote. Kwa hiyo usimwambie fundi kuwa kuzima na kugeuka yai ni kitu kimoja. Galaksi inaweza kuzima ikabaki bapa.

Na zile zilizozima zamani sana zilikuwa ndogo kwa kipenyo, zimebanana kama tende kwenye kikapu. Leo za uzito wa namna hiyo ni pana mara kadhaa. Hazikuzaa nyota mpya. Zilimeza galaksi ndogo, moja baada ya nyingine, na nyota za waliomezwa zikatandazwa pembeni.

KashataYaNjugu alijibu:

Mwalimu, Njia Nyeupe yetu nayo itagongwa na ile ya Andromeda, sivyo? Nilisoma ni lazima, miaka bilioni 4 au 5.

MwalimuWaFizikia alijibu:

Ilikuwa "lazima". Hesabu mpya za 2025, zilizotia ndani na mvutano wa galaksi nyingine za jirani, zimeshusha uwezekano kuwa kama nusu kwa nusu ndani ya miaka bilioni 10 ijayo. Na hizo jirani si za kufikirika, Kashata. Mawingu mawili ya Magellan unaweza kuyaona kwa macho matupu ukiwa Lamu, Desemba na Januari, chini upande wa Suheli, kama vipande vya moshi vilivyosahaulika. Hilo kubwa zaidi limo kwenye hesabu.

BawabuWaShela aliandika:

Ami, mwalimu, Mungu awalipe. Nimesoma yote mara mbili, ya pili kwa sauti, punda ni mashahidi.

Ami, mimi si mtu wa chumvi lakini lango nimelielewa kwa visima. Maji ya mji wa Lamu yatoka chini ya machuguu ya mchanga hapa Shela. Mvua hunyesha juu ya mchanga, huteremka polepole, visima vikajaa. Mgeni akiona kisima kina maji hudhani ni tangi lililojazwa siku moja. Sisi twajua kuwa ukijenga juu ya machuguu hutaona tofauti kesho. Utavuta maji mwaka huu na mwaka ujao, yakianza kubadilika ladha ndipo utajua mvua ilikuwa haiingii tangu lini. Nilipomweleza fundi hivi alinyamaza muda mrefu, na si mtu wa kunyamaza.

Kisha akasema: "Sasa mwisho wa yote akiba iliisha au haikuisha?" Nikasema iliisha. Akasema basi. Nikamwambia na ghala je, lililojaa nje? Akasema makaa yasiyowaka si makaa. Tumebishana tena mpaka kahawa ikapoa.

Halua imenunuliwa, nusu mfuko wangu nusu wake, kwa hiyo si dau tena, Kashata, ni sadaka. Na ulichelewa. Ilibaki karatasi.

Swali la mwisho, Ami. Hiyo M87 yaonekana kwa darubini yangu?

MtotoWaNgomeni alijibu:

Mwalimu, nimekubali, la pili sikuligusa kwa sababu mkono ulikuwa umechoka.

Bawabu, yaonekana, kwa shida. Mwezi huu wa Mei, kama saa tatu usiku, Mashuke yako karibu juu ya kichwa kwenu, kidogo upande wa kaskazini. Tafuta nyota ya mkia wa Asadi, kisha teremka mashariki kuelekea nyota ya Mashuke iitwayo Vindemiatrix, usimame kama katikati ya njia. Ngoja usiku usio na mwezi na stima ikiwa imepotea. Lala chali juu ya sakafu ya paa, egemeza viwiko chini ili mkono usitetemeke, na usitazame moja kwa moja, tazama kando yake kidogo. Ukiona kitu kama alama ya kidole chenye mafuta kwenye kioo, ndiyo yenyewe, mwanga wa miaka kama milioni 55. Mshale usiutafute, hauonekani kwa darubini ya mkononi. Na ukiona alama zaidi ya moja, usifute kioo. Kundi zima liko hapo.